Turubai Si Mtumbwi

"Turubai si mtumbwi." Ndivyo shangazi yenu alivyomjibu yule aliyetaka kuitupa redio ya marehemu babu yenu kwa sababu kasha limepasuka, nanyi mkacheka. Hamjui mnachokicheka. Kaeni vizuri. Methali hii ilizaliwa hapa hapa kwetu, kando ya mto Kilombero, na aliyeizaa alikuwa mwanamke mbishi aitwaye Gaudensia.

Gaudensia alikuwa mjane. Shamba lake la mpunga lilikuwa ng'ambo ya mto, na mwaka ule mpunga uliiva vizuri ajabu. Lakini mtumbwi wake ulikuwa umepasuka, na maji yalikuwa yakipanda. Wenzake hawakuweza kumwazima mitumbwi yao, maana kila mtu alikuwa akihangaika kuokoa mpunga wake. Asipovuka mapema, mafuriko yangekula chakula cha wanawe cha mwaka mzima.

Mtumbwi uliokuwa ukiuzwa ni mmoja tu, wa mzee Leodgari, aliouachiwa na mzungu mpima ardhi. Haukuwa gogo lililochongwa kama mitumbwi yetu, bali mbavu za mbao nyembamba zilizovikwa turubai. Turubai lenyewe lilikuwa limeoza, tena limetobolewa na panya. Leodgari alitaka mbuzi, na Gaudensia alikuwa na mbuzi mmoja tu.

Sasa, kwetu mtumbwi wa gogo ukishapasuka vibaya, umekufa. Unageuzwa hori la nguruwe. Kwa hiyo watu walipoyaona yale matundu, walihukumu kama walivyozoea.

"Shemeji," akasema Filiberti, mdogo wa marehemu mumewe, "utoe mbuzi upewe hori? Tena hori lenyewe linavuja!"

Watu wakaangua kicheko. Gaudensia hakucheka. Alitoa kisu, akalichana turubai kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mama, unaniharibia!" Leodgari akapiga kelele.

"Kilichooza hakiharibiki, mzee wangu."

Akazichomachoma mbavu za mtumbwi kwa ncha ya kisu, mmoja baada ya mwingine. Kisu kiligoma kuingia. Lakini kwenye mbavu mbili za nyuma kilizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Aliogopa, nani asingeogopa? Yule mbuzi ndiye akiba yake yote. Akazigonga tena zile mbavu nzima, kisha akasimama.

"Filiberti, kamba za kitanda chako zikikatika, unalala chini milele?"

"Nafunga nyingine."

"Basi. Turubai si mtumbwi. Mzee, njoo uchukue mbuzi wako."

Zile mbavu mbili alizichonga upya, akazikunja kwa maji ya moto. Shida ikabaki turubai. Alilokuwa nalo ni lile la kuanikia mpunga, naye akalishikia kisu. Jirani yake akamzuia mkono.

"Na mpunga utauanika wapi?"

"Usiovuka hauanikwi," Gaudensia akajibu, akakata.

Akalivuta turubai juu ya mbao, akaligongomea misumari, kisha akalipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwa mafuta ya nyonyo, tabaka juu ya tabaka, mpaka vidole vikambabuka.

Siku ya kuvuka, kivukoni palijaa watu. Waliokuja kumwona akizama walipoteza muda wao. Mtumbwi ulikuwa mwepesi, ukapita juu ya matope yaliyoinasa mitumbwi ya magogo. Gaudensia alivuka, akarudi na magunia, akavuka tena na tena, mpaka shamba likabaki mabua.

Ndipo Filiberti akaja, matope yamemfika magotini. Mtumbwi wake ulikuwa umekwama kwenye matete, na nusu ya mpunga wake ilikuwa bado ng'ambo. Utani wote ulikuwa umemwisha.

"Shemeji, niazime."

"Nikuazime nini? Hori?"

Filiberti akainamisha kichwa. "Nimekoma, shemeji. Turubai si mtumbwi."

Gaudensia akamtupia kasia.

"Ingia, twende. Lakini piga kasia, usipige domo."