Mbuzi wa Hurbai

Kale na kale, wajukuu zangu, kale iliyozeeka hata ikasahau umri wake. Mpo? Itikeni basi, "Tupo, bibi." Haya.

Kwanza niungame. Kisa hiki niliwahi kuwasimulia mama zenu, nikakipunguza. Hurbai ni bibi wa bibi yangu. Niliona haya kumtaja pamoja na dhambi yake, nikamfanya mwema tangu mwanzo hadi mwisho. Astaghfirullah. Leo nakitoa kizima.

Palikuwa na kijiji cha wafinyanzi huko Bara Hindi, katika nchi ya Kachi. Alfajiri wanawake wakisaga uwele, wakiteka maji, wakikanda udongo. Wanaume wakifinyanga na kuchoma vyungu. Siku ziende, siku zirudi. Mwanzo palikuwa na meko thelathini, yakawa sitini, yakawa mia. Kisha mvua ikakataa. Mwaka wa kwanza ikakataa, mwaka wa pili ikakataa. Mikokoteni ikawa inakwenda pwani, inakwenda tu, hairudi. Aliyebaki akiketi, anatazama njia. Akilala, anaota njia.

Mwaka ule wa kwanza alikuja karani wa ghala la mfalme, akaandika watu nyumba kwa nyumba. Hakusema sababu, nao hawakuuliza.

Sasa sikilizeni desturi yao. Watu wale waliogopa kijicho. Ukiulizwa mko wangapi, unapunguza mmoja, na huyo unayempunguza ndiye umpendaye kuliko wote. Anayekuchosha unamtaja, umpendaye unamficha.

Hurbai alikuwa na mumewe Sumar, na mavyaa wake, mama yake Sumar, na binti mmoja, Sakar, aliyebaki baada ya wanne kuzikwa. Karani akamwapisha, mkono juu ya Msahafu. Hurbai akaapa, akasema, "Watatu."

Mara mtoto akalia chumbani.

"Na huyo?" karani akauliza.

"Mbuzi."

"Mbuzi wenu analia kama mtu."

Mavyaa akadakia, "Mbuzi wa wafinyanzi, bwana. Hapa kila kitu hufinyangwa, hata sauti."

Karani akacheka, akaandika watatu, akaenda zake. Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu, na ya kumi. Kijiji kizima kikaapa uongo, na kila nyumba ikidhani siri ni yake peke yake.

Mwaka wa pili nafaka ikaja kutoka ghalani. Kila juma, kila jina lililoandikwa linapimiwa sehemu yake. Asiye na jina hana sehemu. Basi wale waliopendwa kuliko wote, wajukuu zangu, ndio waliokosa.

Hurbai akawa anamgawia Sakar chakula chake. Sumar akagawa, mavyaa akagawa, lakini kichache ukikigawa ni kichache tu. Miguu ya mtoto ikawa vijiti. Hurbai hatulii. Anasaga, anaacha. Anakwenda mlangoni, anarudi. Akiomba Mungu, anakumbuka kiapo chake, anakatiza. Akamwambia mavyaa wake kwamba atakwenda kusema kweli. Mavyaa akamkumbusha kuwa aliyeapa uongo hufutwa kitabuni, yeye na nyumba yake yote.

"Mkaza mwanangu, utatuua sote wanne kwa ajili ya mmoja."

Siku ya kupimiwa Hurbai akamfunga Sakar mgongoni, akapanga foleni. Zamu yake ilipofika, akamshusha mtoto mbele ya mizani.

"Huyu nani?" karani akauliza.

"Huyu ndiye yule mbuzi."

Karani akamtazama mtoto, akatazama kitabu chake.

"Uliapa, mama."

"Niliapa uongo. Unifute mimi, umwandike yeye. Anaitwa Sakar."

Kalamu ikabaki hewani. Ndipo mzee Khamisa, mkuu wa kijiji, akatoka nyuma ya foleni akimshika mkono mjukuu wake wa kike. Akasema huyu naye hayumo. Akatoka mwingine, akatoka mwingine. Watoto wakatolewa vyumbani na nyuma ya tanuri, wengine wakibebwa. Karani akafunga kitabu, akasema nikiwafuta wote nitampimia nani? Akakifungua upya.

Lakini nafaka ilikuwa ile ile, iliyoletwa kwa hesabu ya uongo. Siku ile kila mtu akapunguziwa ili wote wapate, na karani akatuma habari ghalani waongeze nafaka katika msafara ujao.

Wa mwisho alikuwa Rahmat, jirani yake Hurbai. Alikuja mikono mitupu.

"Wangu anaitwa Ibra," akasema. "Tulimzika juzi."

"Mama, waliokufa hawapimiwi."

"Sitaki upime. Nataka uandike."

Karani akaandika. Hurbai alikuwa amesimama pale, sehemu ya Sakar imo kwenye mtandio wake, na akajua kwamba angesema juma lililopita, Ibra angekuwa kwenye foleni. Jambo hilo hakulisahau mpaka anaingia kaburini. Nami ndilo nililolificha kwa mama zenu.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Na anayemficha mtu ampendaye, kijicho hakimpati, ila na riziki haimpati.

Chungu kimeiva, nimekiepua. Anayetaka kukoleza chumvi na akoleze.

Nami nina ombi moja kwenu, wajukuu zangu. Mkiulizwa nyumba hii mko wangapi, mnihesabu na mimi.