Kikande Aliyekaribishwa Kwake Mwenyewe

Paukwa!

Pakawa.

Sogeeni, na wewe uliyenyoosha miguu ikunje, wenzako wapate kukaa. Palikuwa na nini?

Palikuwa na maji na mwenye maji.

Basi hapo zamani za kale, katikati ya mwamba, palikuwa na kidimbwi. Bahari ikitoka ikaenda zake, kidimbwi kinabaki. Kilikuwa kidogo, mkeka mmoja ungekifunika. Humo alikaa samaki mmoja, Kikande.

Kikande mnamjua. Ngozi ngumu, meno ya kuvunjia kombe na magamba yao, na roho kama ya mama mkwe wa mtu fulani, simtaji, maana nyumba yake si mbali na hapa.

Lakini alikuwa na wema wake. Palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Kirembo, ambaye maji yakitoka hushuka mwambani kuokota kombe. Mwaka wa njaa, shamba lilipokataa kutoa hata muhogo, Kikande alikuwa akimpulizia mchanga kwa mdomo, puu, puu, kombe wanafunuka, Bi Kirembo anaokota, watoto wanakula wanalala. Kwa hiyo alimpenda samaki yule pamoja na ubaya wake.

Siku moja akamkuta kalala ubavu, anahema. Chawa wa baharini amemwingia ndani ya matamvua, pale samaki anapohemea, ananyonya damu. Bi Kirembo akajaribu kumtoa, lakini vidole vyake vilizoea kukuna nazi, havikupenya. Kikande akamwambia kwamba anataka jirani mwenye mdomo mdogo, akae naye, amtoe yule mdudu. Asipopatikana, yeye ni wa kufa.

Bi Kirembo akaenda na chungu chake, akamletea kikande mwingine. Alijisemea, hawa sura moja, watapatana.

Kikande akamwona mgeni. Akainuka na ugonjwa wake, akasema:

"Hapa pangu, na pale pangu, na hapo unapohemea ni pangu."

Mgeni naye akasema maneno yaleyale, maana ndiyo waliyofundishwa kwao. Wote wawili walilitaka tundu lilelile, kombe walewale. Wakaumana mpaka mgeni akaruka nje, akaenda zake hana pezi.

Bi Kirembo akaona basi, ampelekee mpole. Akamletea kibua mchanga, samaki wa kuitikia naam kwa kila neno.

"Hapa pangu," Kikande akasema, "na pale pangu, na hapo unapohemea ni pangu."

"Naam," akajibu Kibua.

Akafukuzwa huku, naam. Akafukuzwa kule, naam. Mkia ukaliwa nusu, naam. Bi Kirembo alimtoa kwa chungu akiwa anatetemeka kama mwali, akamrudisha kwa mama yake.

Mara ya tatu akasema, sasa namletea mwenye ubavu. Akamleta Puju, yule wa kisu mkiani.

"Hapa pangu, na pale pangu, na hapo unapohemea..."

Hakumaliza. Puju alimchana shavu. Kikande akamng'ata. Maji yakachafuka, hata kaa wakapanda juu kutazama, maana kaa wanapenda ugomvi wa watu kuliko mimi. Puju akaondoka anavuja damu. Kikande akabaki chini, jicho moja limefumba.

"Bi Kirembo," akasema, "usiniletee mtu tena. Nikimwona mtu mlangoni, meno yananitangulia. Niache nife kwangu."

Bi Kirembo akarudi nyumbani, machozi yanadondokea kombe. Akamkuta mke mwenzake, Bi Zena, anakuna nazi. Akamweleza yote. Zena akaacha kukuna, akacheka mpaka mbuzi ya nazi aliyoikalia ikapinduka.

"Dada," akasema, "huyo samaki si ni wewe? Nilipoletwa hapa, mtungi ulikuwa wako, kinu chako, hata kivuli cha mlango ulinihamisha."

Bi Kirembo akanuna kidogo. Akauliza, mbona leo wanakaa vizuri?

"Si tulihama? Wewe ulikuwa matangani kwenu. Mimi nikatangulia nyumba mpya, nikapanga vyombo. Uliporudi ukaniuliza chumvi iko wapi. Mtu anayeuliza chumvi iko wapi hana ubavu wa kumfukuza mwenzake. Tena mimi na wewe hatutaki kitu kimoja. Wewe unapenda bahari, mimi napenda kulala."

Maji yalipotoka, wakashuka wote wawili. Wakamteka Kikande ndani ya chungu, wakamweka kivulini na maji yake. Kisha wakageuza kidimbwi chote. Jiwe la mashariki likaenda magharibi. Tundu la zamani likazibwa, ufa mpya ukafunguliwa.

Ndipo wakamtafuta Mstari. Huyu ni kisamaki chembamba chenye mstari mweusi ubavuni, hakijazi hata kijiko. Hafanani na Kikande kwa lolote. Kombe hali, tundu la jiwe halitaki, analala mchangani. Chakula chake ni chawa wa samaki wenzake. Huingia hata kinywani mwa chewa, lile jitu la samaki, akatoka salama, na nani ana jino bovu baharini yeye ndiye anayejua. Wakamtia yeye kwanza, akazunguka, akazoea.

Kisha wakammimina Kikande.

Kikande akafungua kinywa. "Hapa..." Akatazama, hapa hapapo. "Na pale..." Pale napo hapapo. Akazunguka kidimbwi kizima, hakuna jiwe analolijua. Wanawake wakashikana mikono, hawapumui.

Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, bibi. Hapa mtu analala wapi?"

"Karibu, mgeni," akasema Mstari. "Pale kwenye ufa ni pako. Lakini inua shavu kwanza, naona una mtu ndani."

Kikande akainua shavu. Meno yalimtetemeka, lakini mgeni haumi mwenyeji siku ya kwanza. Mstari akaingia kwenye matamvua, akavuta, akavuta, akatoka na chawa mnene kama mbegu ya papai. Akammeza.

Maji yakapita. Kikande akahema mara moja, akahema tena, akafumbua jicho lililofumba. Akataka kushukuru, na maisha yake yote hajawahi.

"Ah... ahsan..."

"Rudia," akasema Mstari, "na ufunge meno kidogo, unanitisha."

"Ahsante, bibi. Ahsante, Bi Kirembo. Na huyo anayecheka pembeni, ahsante naye."

Akashuka mchangani, akapuliza puu, puu, mpaka chungu kikajaa kombe. Zena, ambaye bahari haipendi, akachuchumaa akaokota, na Bi Kirembo akamshika mkono asiteleze.

Basi, wanangu, mkali usimtafutie anayefanana naye, wala wa kuonewa, wala mkali mwenzake. Mtafutie asiyetaka anachokitaka yeye. Na kabla hujamleta, geuza mawe, ili mwenye nyumba naye aonje ugeni, ajue utamu wa kukaribishwa.

Ngano yangu nimeitua hapa. Iliyemnogea aibebe akawapashe wengine, na aliyeona namsema yeye, ashukuru sikutaja jina.