Kwa Nini Nyota Mfu Haipasuki

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Zamani mbingu ilikuwa chini, usawa wa vilele vya milima, na nyota zilionekana mchana kweupe kama maboga shambani. Enzi hizo nyota ikifa haikupumzika. Ilinywea ikawa ndogo, nzito kuliko milima yote, ikaanza kuzunguka kama pia ya watoto. Ndani yake mlikuwa na majimaji mepesi yasiyonata hata kidogo. Kila ilipozunguka yalipiga wimbi, wimbi likazaa wimbi kubwa zaidi, hata nyota ikapasuka na kuiunguza nchi iliyokuwa chini yake.

Katika nchi ya wafua chuma aliishi Nankondo, mchemsha ulimbo, ule wa kugandishia majembe kwenye mipini. Mumewe aliitwa Mbonea, na binti yao wa pekee, Nakijwa, alikuwa mjamzito.

Siku moja nyota iliyokuwa juu ya kijiji chao ikafa. Mwanzoni kimya. Kisha ukaanza mvumo, si wa kusikika masikioni bali kwenye meno. Maziwa yakazunguka yenyewe vibuyuni. Mbuzi wote wakageukia upande mmoja, wakaacha kula.

Nakijwa akaja kwa mama yake ameshika tumbo. "Mama, mtoto hapigi teke," alisema. "Anazunguka."

Nankondo akaweka kiganja, akahisi. Akajitwika chungu cha ulimbo.

"Unakwenda wapi?" Mbonea akauliza. "Kitu kizito vile utakiongezea uzito gani?"

"Uzito si mnato, baba Nakijwa. Jiwe ni zito, lakini halinati."

Wakapanda wote wawili hadi kilele cha mlima, penye ufa katika gamba la nyota. Mbonea akabaki nje. Nankondo akaingia.

Ndani hamkuwa na mwanga wala giza. Mlijaa mbegu ndogo zisizo na idadi. Hapo kale zilikaa tatu tatu ndani ya maganda, lakini uzito ule ulikuwa umeyaponda, na sasa kila moja ilikimbia peke yake. Kufumba na kufumbua, chungu na ulimbo vikatoweka kama tone kwenye kaango la moto. Mbegu zikamwuliza kwa sauti moja, nayo ilikuwa sauti ya Nakijwa: "Umetuletea nini, mama?"

"Sina kitu," alijibu.

Wimbi likapita katikati ya mwili wake. Akaona jinsi mbegu zilivyoliachia njia, na jinsi lilivyotoka na nguvu zake zote.

"Msiliachie bure," akasema. "Likiwabana, badilikeni, nyepesi iwe nzito. Likiondoka, rudini mlivyokuwa, lakini mchelewe. Msiende nalo sambamba."

"Hatujui kuchelewa. Tuonyeshe."

Wimbi lilipokuja tena, Nankondo akakubali kubanwa. Akabadilika akawa mzito asivyowahi kuwa, na wimbi lilipopita alichelewa kurudi. Mbegu zikamwiga. Wimbi likatumia nguvu kuzigeuza, likafika ng'ambo limechoka. Lililofuata likachoka zaidi. Ndani ya nyota kukawa kuzito, kunanata, mawimbi yakazama yasionekane tena.

Kule kijijini maziwa yakatulia. Mtoto wa Nakijwa akapiga teke, Nakijwa akaangua kilio.

Nankondo naye akageuka atoke. Akanyanyua mguu. Mguu ulikuwa bado njiani: kuchelewa kulikuwa kumemshika naye.

Mbonea akaita ufani: "Mama Nakijwa! Uko salama?"

Akasubiri mpaka mjukuu wake alipoanza kutambaa. Ndipo sauti ya mkewe ikaanza kutoka, nene, ya taratibu mno: "Ni..."

Kabla neno halijakamilika, ufa ukajifunga na mbingu ikaanza kupanda juu, ikimwacha Mbonea mikono imenyooshwa.

Na tangu siku hiyo nyota mfu hunywea, huzunguka, lakini haipasuki, maana mbegu za nyota ile zilizifundisha nyingine kuchelewa. Neno la Nankondo halijamalizika bado. Wapo wasemao ni "Nipo," waende zao kulala. Mbonea hakusema hivyo hadi alipokufa, kwa kuwa yeye alisikia jinsi lilivyoanza, nasi hatujui kama Nankondo alikuwa akisema "Nipo" au "Nitoe."