Usukani Uliozeeka Kabla ya Gari

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani hii hii ya magari yenye kompyuta, palikuwa na dereva mmoja kule milimani kwenye kahawa, jina lake Eustaki Hyera. Kaeni vizuri, maana mwisho nitauliza swali, na atakayesinzia nitamwuliza yeye kwanza.

Eustaki aliendesha pikapu ya chama cha akina mama wa kahawa. Gari lilikuja jipya, nailoni bado ziko kwenye viti, na waranti ya miaka mitatu: kitu kikiharibika kwa kosa la kiwanda, duka linabadilisha bure. Kabla ya hapo akina mama walibeba kahawa mbivu kichwani hadi kwenye mashine ya kumenya, na nyingine ilichachia njiani. Kwa hiyo gari lilipendwa, na dereva akapendwa pamoja nalo. Aliliosha asubuhi, aliliosha jioni. Hata mama mkwe wake hakumpakia bila ruhusa ya mwenyekiti, na mama mkwe alilalamika kwa watu mpaka akachoka mwenyewe.

Gari lilipotimiza mwaka na nusu, kilomita elfu ishirini na mbili tu, usukani ukaanza kuchubuka. Kwanza palitokea doa pale anaposhika kwa kidole gumba. Kisha ngozi ikawa inanata kama embe lililoiva kupita kiasi. Kisha ikabanduka, vipande vikawa vinabaki viganjani mwake. Kila kitu kingine ndani ya gari kilikuwa kipya, usukani peke yake ndio uliozeeka.

Sasa, nyie mnaonunua magari yaliyokwisha kutumika mnajua. Mnunuzi mwerevu haamini kilomita za kwenye dashibodi, maana mafundi wa mjini huzirudisha nyuma. Yeye anautazama usukani. Akiona umechubuka na kilomita ni chache, anaondoka zake. Eustaki mwenyewe alikuwa mjuzi wa mambo hayo, alishawaepusha shemeji zake wawili na magari ya namna hiyo. Alipoona usukani wake, akajua watu watasema nini. Basi badala ya kwenda kwa mwenyekiti siku ile ile, akanunua kava jeusi, akalishona kwa uzi mnene kuzunguka usukani wote, akanyamaza. Alinyamaza miezi mitatu. Ndiyo, nasikia mnaguna. Hata mimi niliguna.

Honi ikaacha kulia. Gari likapelekwa kwa Fundi Gaudensi pale njia panda, mzee anayeheshimika, miaka thelathini mikono yake iko kwenye grisi. Ili aifikie honi, ilimbidi akate uzi na kutoa kava. Akautazama usukani. Akazitazama kilomita. Akautazama usukani tena. Wanachama wawili walikuwa wamekaa juu ya tairi wakisubiri.

"Gari hili kilomita zake zimerudishwa," akasema. "Usukani huu umetembea laki mbili."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama daktari anavyosema malaria. Lakini jua lilipozama, kijiji kizima kilishajua kwamba Eustaki anabeba mkaa wa watu kwa gari la akina mama, kisha anarudisha kilomita na kushona kava juu ya wizi wake. Wakapatikana hata mashahidi. Mmoja aliapa alimwona Songea, siku ambayo Eustaki alikuwa amelazwa kwa kichomi. Binadamu jamani, tuna macho makali tunapotaka!

Mwenyekiti, Mama Skolastika Komba, akaitisha kikao. Eustaki akaeleza yote tangu doa la kwanza. Wakamwuliza swali moja tu: kama huna kosa, ulikuwa unaficha nini? Mama Skolastika alimpenda kama mdogo wake, akatafuta njia ya kumwokoa. Akasema gari lipelekwe dukani kwa ile waranti. Duka likisema ni kosa la kiwanda, Eustaki ni msafi. Likisema ni matumizi, unga umemwagika.

Wakateremka mjini, wawili. Dukani utaratibu ulikuwa kwamba mwenye gari anaingia ndani, dereva anasubiri kwenye benchi nje. Eustaki akasubiri, mikono katikati ya magoti.

Ndani, Mama Skolastika alipokelewa na Injinia Lusekelo, kijana wa Mbeya mwenye tai. Mama akaona aibu kuanika mambo ya chama mbele ya mgeni. Hakumwambia kwamba kuna mtu anashitakiwa. Aliomba usukani tu. Lusekelo naye alikuwa ameshaona sukani sita za aina ile mwaka huo, na alijua kabisa kwamba ngozi ilitoka kiwandani ikiwa mbovu. Lakini wakubwa wake walishaonya kwamba neno hilo lisisikike kwa mteja. Akasema ni uchakavu wa matumizi, waranti haihusiki.

Mama akamsihi. Ulikuwa msimu, kahawa inaiva, mashine inasubiri. Kijana akaingiwa na huruma, akapanda juu kwa meneja, akabishana naye kweli kweli, akashuka na habari njema: usukani mpya, bure, kwa hisani ya duka. Ila usukani wa zamani ulishafunguliwa, na gari halitoki mpaka mama asaini karatasi inayosema kwamba uliharibiwa na matumizi makubwa. Mama akaisoma mara mbili, akasaini.

Eustaki alipopitisha kidole kwenye usukani mpya, machozi yakamtoka. Kwake yeye hilo ndilo lilikuwa jibu. Duka gani linampa mwizi usukani bure? Aliendesha saa nne za kupanda mlima akiimba nyimbo za kwaya, akipanga kwa sauti kwamba kesho ataanza na kahawa ya upande wa juu. Mama Skolastika alikaa kando yake, mkoba mapajani, karatasi ndani ya mkoba. Alimjibu "haya, baba" na "ndiyo, baba" mpaka wakafika. Hakumwambia.

Kesho yake karatasi ikasomwa kikaoni. Matumizi makubwa. Eustaki akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama meza. Eustaki akaweka funguo mezani, akatoka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyempa gari, si la chama, si la shule, si la mwenye duka. Alipalilia mashamba ya wenzake. Watoto wake shuleni wakaitwa watoto wa kilomita, na binti yake mkubwa akakataa kabisa kurudi darasani. Hilo ndilo lililomvunja, zaidi ya jembe.

Mwaka ukapita. Paroko alikuwa na gari la aina ile ile, la duka lile lile. Lilikuwa gari la Jumapili, wiki nzima linalala bandani. Usukani wake ukabanduka vilevile. Paroko akaandika barua kali, Lusekelo akatumwa aje kuubadilisha, na paroko alipombana kwa maswali kijana akasema kweli: ni kosa la kiwanda, lilikuwa hivyo tangu mwanzo. Paroko akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja kwenye mkutano mkuu wa chama, akamfanya ayarudie maneno yale mbele ya watu.

Watu wakapigwa na butwaa. Wakatumwa vijana wawili shambani kumwita Eustaki. Akaja na udongo miguuni. Wakampa pole, wakampa kiti, wakamwambia funguo ziko palepale. Hakukaa.

"Funguo sizitaki," akasema. "Pole zenu sizitaki. Nataka mtu mmoja asimame aseme kosa ni langu, na katibu aandike jina lake kwenye kitabu cha chama. Mmoja tu. Mkisimama wote nitarudi nyumbani sina kitu. Mimi nilitajwa kwa jina, na mimi nataka jina."

Fundi Gaudensi akasema si yeye. Alisema alichokiona, na fundi yeyote angesema hivyo. "Hata wewe Eustaki ungesema hivyo kwa gari la mwingine. Mimi nilitaja kilomita, sikumtaja mtu." Mwanachama mmoja akamwuliza kwa nini hakumnong'oneza mwenyekiti kwanza. Fundi akajifuta mikono iliyokuwa safi.

Injinia Lusekelo akasema si yeye. Aliombwa usukani, akautafuta, karibu afukuzwe kazi kwa ajili yake. Hakuna aliyemwambia kwamba pale nje kwenye benchi kuna mtu anasubiri neno lake.

Mama Skolastika akasimama polepole. Akasema asingesaini gari lingebaki mjini, na kahawa yao ingeozea sakafuni. "Ada za watoto wenu zilitoka kwenye kahawa ile. Karatasi ilisomwa hapa mbele yenu nyote. Nani kati yenu aliniambia nirudishe usukani?"

Eustaki ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Na njiani, mama? Saa nne tulikaa pamoja."

"Njiani nilishindwa," akasema, akakaa.

Hapo mtu akapaza sauti kutoka nyuma: na yeye aliyeshona kava je? Angesema mapema, yote haya yangetokea? Eustaki akageuka kumtazama.

"Langu nimelibeba mwaka mzima," akasema. "Nauliza la mwingine."

Katibu alikuwa ameshafungua kitabu. Alishaandika tarehe, alishaandika "Kosa ni la", kalamu imesimama, anawatazama mmoja mmoja. Fundi anatazama mlango. Injinia anatazama saa. Mama Skolastika analia bila sauti, lakini hasimami. Na Eustaki amesimama palepale, anangoja.

Basi ndugu zangu, mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Msiniambie ni wote, hilo Eustaki alishalikataa. Je, katibu amwandike nani?