Nguchiro na Shikamoo za Watoto

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kufunga milango kwa makomeo, vijana wao walizidi udokozi. Leo mayai ya Kanga, kesho mahindi ya Nyati. Mzee Tembo, mkuu wa mji, akachoka. Ndipo akajitokeza Nguchiro, mwili mdogo, maneno tele.

"Nipeni watoto hao, mzee. Nitawanyoosha!"

Wakapelekwa bomani kwake. Mmoja wao alikuwa Kitwana, mtoto wa Bi Tumbili. Maskini mama yule, hali, halali! Alitaka kitu kimoja tu, mwanawe arudi nyumbani akiwa mwema.

Siku ya ukaguzi Tembo akaja, tii! tii! Bi Tumbili nyuma yake, kitinda mimba wake mgongoni. Lango likafunguliwa. Lo! Vijana wote magotini, pu!

"Shikamoo, babu!"

"Marahabaaa!" Tembo akafuta machozi. "Jamani, ndio wale wezi hawa?"

"Ndio hao hao, mzee," akajibu Nguchiro, kainamisha macho kama bibi harusi.

Bi Tumbili akamvuta Kitwana pembeni. "Mwanangu, mnafundishwa nini humu?"

"Mchana kuamkia, mama. Usiku kufungua komeo lisilie. Tukiiba, mayai anakula Nguchiro. Nitoe, mama! Sitaki tena!"

Bi Tumbili akamrudia Tembo mbio. Akapiga ukelele. "Mzee Tembo, tumekwisha! Mwizi ni Nguchiro! Anawatuma watoto wetu! Muulize mwanangu!"

Tembo akamgeukia Kitwana. "Eti, mjukuu wangu, unaiba?"

Nguchiro akakohoa, kho! Kitwana akamtazama, akapiga magoti.

"Shikamoo, babu."

"Umeona?" Tembo akacheka. "Mtoto mwenye adabu hivi aibe? Hebu mama, tuondolee fitina. Kazi ya Nguchiro imefana, na iendelee!"

Kisha akamkodolea macho yule wa mgongoni. "Na huyu mbona haniamkii?"

"Bado hajajua kusema, mzee wangu."

"Aa! Ndivyo wanavyoanza. Nguchiro, mchukue na huyu."

"Kwa heshima yako, mzee!"

Akamtwaa mtoto mgongoni, akawatoa wageni nje, lango likafungwa, kwaa! Bi Tumbili akaligonga mpaka ngumi zikachubuka, wala hakuna aliyemfungulia. Akabaki nje na mbeleko tupu mkononi, analia, hana wa kumlilia.

Ndiyo hivyo, wanangu: mkubwa anayepima tabia ya mtoto kwa maamkizi tu humkabidhi mtoto huyo kwa mwizi.