Damu ya Nzembi

Wahenga hawakusema "Kawia ufike" ili kumtetea mvivu. Walijua kwamba anayetua kidogo kuchagua njia hufika kabla ya anayekimbilia njia yoyote. Wambua aliyaamini hayo siku dada yake alipokuwa taabani.

Ulikuwa mwaka wa 1986. Wambua na mwenzake Mable waliendesha kompyuta ya shamba kubwa la mkonge karibu na Mwatate, iliyotunza habari za kila mfanyakazi, hata kundi lake la damu. Asubuhi hiyo simu ililia kutoka hospitali ya Voi. Nzembi, dada mdogo wa Wambua, alikuwa amejifungua, lakini damu ilimtoka kama maji ya mfereji, na damu yake ilikuwa ya kundi adimu. Daktari aliomba mfanyakazi yeyote mwenye kundi hilo apelekwe upesi.

Wambua akaiamuru kompyuta itafute. Ikaanza kumchambua mfanyakazi mmoja mmoja: anaishi kambi gani, yuko kazini leo, na mwisho kabisa, ana damu gani. Watu walikuwa maelfu. Mashine ilinguruma, kioo kikabaki kitupu, naye Wambua akatota jasho.

Mable aliponyoosha mkono kuisimamisha, Wambua alimshika.

"Dada Mable, ukiizima tunaanza upya. Yule tumenyonya ziwa moja."

"Najua, Wambua. Lakini imeshika njia ndefu. Niachie nifikirie kidogo."

Wambua aliuachia ule mkono. Mable akaizima mashine, akajiuliza ni swali gani lingewapunguza watu wengi kwa mara moja. Kambi zote zilijaa. Kazini, karibu wote walikuwepo. Ila damu ile! Wenye nayo hawangejaza hata benchi moja. Akaandika amri upya: damu itangulie, mengine yafuate.

Wambua hajaketi, jina likatokea kiooni: Kituku, mkata mkonge. Wambua alitoka mbio kama swara hadi shambani. Kituku aliposikia habari, alitupa panga chini, akarukia gari la shamba, likatimua vumbi kuelekea Voi.

Jioni Wambua alimkuta Nzembi amelala, mnyonge lakini mzima, mtoto akinyonya kifuani pake. Akacheka huku machozi yakimtiririka.

Baadaye Mable aliifundisha kompyuta ikadirie njia zote kwanza, kisha ishike iliyo fupi. Wakubwa walipolalamika kwamba anapoteza wakati, Wambua ndiye aliyesimama kumjibia, akawasimulia habari za Nzembi, akamaliza kwa maneno mawili tu: kawia ufike.