Vitumbua vya Somoe

"Mgeuza yote hajui lililomfaa." Mnalirudia neno hili kama kasuku, kisha mnaniuliza limetoka wapi! Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na ndugu wawili, Bi Mashavu na mdogo wake, Somoe. Somoe alikuwa anamwoza binti yake. Desturi ya kwao, asubuhi ya harusi mama wa bibi arusi hupeleka kwa wakwe vitumbua alivyopika kwa mkono wake. Vikiwa vibaya, binti husimangwa mpaka uzeeni. Na siku hizo vitumbua vya Somoe vilitoka bapa, vigumu, hata kuku waliviacha.

Somoe akageuza kila kitu: mchele mwingine, hamira nyingine, na badala ya makaa akapikia kuni. Vikaumuka, laini! Akapiga vigelegele peke yake.

Asubuhi ya siku moja kabla ya harusi, kuni zimelowa mvua ya usiku, na ule mchele umekwisha sokoni, nyumbani umebaki ukufi mmoja tu.

"Kipi hatuwezi kukikosa?" Bi Mashavu akauliza.

"Sijui, dada. Niligeuza vyote."

"Lahaula! Mama mzima wewe!" Bi Mashavu alihisi kichwa kinampasuka. Mtoto wa watu ataaibika kesho, na mama yake anacheka!

Akapanga mabakuli matatu. La kwanza, rojo la zamani kama lilivyo. La pili, la zamani vilevile ila hamira mpya. La tatu, hamira ya zamani na ule mchele mpya. Kugeuka tu, Somoe kalichukua la pili analipeleka juani.

"Unakwenda wapi nalo?"

"Liumuke upesi, dada."

"Rudisha! Likiumuka juani, utajuaje ni hamira na si jua?" Alitamani kumzaba kofi, basi tu ni wa tumbo moja.

Adhuhuri, bakuli la hamira mpya lilifura hadi ukingoni. Mengine mawili yalilala kama uji wa jana. Bi Mashavu akakaanga rojo lile lililofura kwa makaa yale yale ya zamani, kitumbua kikatoka laini. Kumbe mchele na makaa vilisingiziwa bure.

Kesho yake mama mkwe wa binti alimega kitumbua kimoja cha Somoe, akamega cha pili, akauliza siri yake. Somoe akaanza, "Ni mchele, na kuni, na..." Bi Mashavu akamkata jicho.

"Hamira, mkwe wangu," Somoe akasema. "Hamira mpya tu."

Bibi arusi akainua uso akatabasamu, na Bi Mashavu akashusha pumzi ya juma zima. "Umeona sasa, mdogo wangu?" akasema. "Mgeuza yote hajui lililomfaa."